Injini Chini ya Kitanda

Nyumbani,
12 Februari 1994

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba, maana ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Mimi mzima. Magoti yananung'unika asubuhi, nikiyakaripia yananyamaza. Mama yako alipita Jumapili, kile kikohozi kimemwachia na amenenepa kidogo. Kuku wanataga mahali wanapopajua wenyewe. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume mwenye kichwa kikubwa kama cha mume wetu, Mungu amlaze pema. Kwa hiyo mume wetu karudi, na sasa mimi na wewe tutagombana upya nani ampikie.

Haya, kilichonikalisha na kalamu ni hiki.

Mkaidi, ile pikipiki yangu, unamkumbuka. Mwezi wa kumi na mbili nikitoka wilayani alinizimikia kwenye kilima cha bomba la maji. Hakuzima kama anavyozima siku zote, kwa kukohoa na kulalamika. Alibana ghafla, gurudumu la nyuma likafunga, tukateleza wote wawili mpaka mtaroni. Sikuumia. Narudia, sikuumia, usimsikilize baba yako. Nati ya chini ilikuwa imelegea, oili ikavuja njia nzima bila mimi kujua. Tangu siku hiyo ukikanyaga kiki ya kuwashia ni kama umekanyaga mwamba.

Baba yako akaitisha kikao. Kikao cha watoto wangu juu yangu, nami nimekaa palepale kama mwizi wa kuku. "Mama, umri umekwenda." "Mama, pikipiki si ya mtu wa makamo yako." Mwishowe likatoka lililokuwa moyoni: Mkaidi auzwe, nyumba ipangishwe, mimi nihamie kwake, chumba cha nyuma, nitazame televisheni. Mimi! Nimewachanja watoto wa bonde hili lote juu ya pikipiki ile, mvua na jua, sanduku la chanjo limefungwa nyuma. Nilipostaafu idara iliniuzia kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuiwasha. Leo nikatazame televisheni.

Akasema Jumamosi analeta mnunuzi. Nikasema karibuni.

Ijumaa nikaifungua injini. Maishani mwangu sijawahi kwenda zaidi ya plagi na kabureta. Nilianza na nati niliyoifikia, nikafuata iliyofuata, iliyokataa nikaichapa nyundo. Pistoni niliikuta imeng'ang'ania ndani ya silinda kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Nikaimwagia mafuta ya taa, nikaibembeleza kwa mchi wa mti mpaka ikaachia. Jioni Mkaidi alikuwa fremu na magurudumu basi. Silinda chini ya kitanda, klachi kwenye sufuria, skrubu kwenye kikombe cha mume wetu.

Mnunuzi akaizunguka ile fremu, akakuna kichwa. "Mama, mimi nanunua pikipiki. Hii ni mboga ya kuchambua." Akaenda zake. Baba yako akabaki mlangoni, uso umemwiva.

"Sasa nani ataiunganisha?"

"Aliyeifungua."

"Utaiunganishaje, mama?"

"Kinyumenyume."

Akanipa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Ikiwaka, habari ya kuhama hataitaja tena. Isipowaka, anakuja na gari, anazoa vyuma na mimi pamoja. Nikampa mkono, tukakubaliana.

Tatizo ni moja: nina chumba kimejaa vyuma, na sijui kipi kinaingia wapi. Fundi wa ukoo huu ni wewe. Niambie pa kuanzia.

Ni mimi,
Bibi yako, mke mkubwa


Mjini,
3 Machi 1994

Shikamoo mke mwenza,

Barua yako ilizunguka, ilipelekwa gereji nyingine kwanza. Mimi sijambo. Nakaa chumba kimoja na msichana anayeshona nguo, cherehani yake ndiyo redio yetu. Mvua ya juzi iliingia hadi chini ya mlango, tukalala tumekunja magodoro. Kazi ipo. Mwambie mama shati aliloniletea linanitosha.

Bibi, umefanya nini! Nilicheka mpaka machozi, mwenzangu akadhani nimepata msiba. Kisha nikaogopa.

Sikiliza. Usiunganishe chochote kwanza. Hapa wanaanza kwa kuosha, kila kipande, kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Vilivyokaa pamoja vinakaa kopo moja. Skrubu zitoe kwenye kikombe cha babu. Wanachofanya ni kuchukua karatasi ngumu ya boksi, wanachora kifuniko, wanatoboa tundu mahali pa kila skrubu na kuichomeka humo, kwa sababu nyingine ndefu, nyingine fupi, na ukiiweka ndefu mahali pa fupi unapasua kifuniko.

Shimo la chini, pale pistoni ilipotokea, lizibe kwa tambara safi lisiingie hata chembe ya mchanga.

Halafu silinda. Ifute ikauke, ingiza kidole, pitisha ukucha taratibu kutoka juu hadi chini, pande zote. Ukiteleza kama juu ya sahani, umepona. Ukikwama, hiyo silinda ni ya kuchongwa, na utafute pistoni kubwa kidogo pamoja na ringi zake. Na zile klipu mbili ndogo zinazoshika pini ya pistoni, usirudishe kuukuu hata zikikupendeza. Wanasema klipu ikiruka ndani, injini nzima inakuwa kinu.

Bibi, una uhakika? Baba hakosei kila kitu.

Wako,
Mke mdogo


Nyumbani,
26 Machi 1994

Mke mwenzangu,

Kwetu shwari. Yule mtoto mwenye kichwa cha mume wetu ameanza kucheka, anacheka akiniona mimi tu. Jirani wa upande wa juu ameniletea ndizi na swali. Swali ndilo lililomleta, ndizi zilikuwa kisingizio. "Eti ni kweli unalala na injini?" Nikamwambia haikoromi kama wake.

"Baba hakosei kila kitu." Sentensi hiyo nimeisoma, nikaikunja, nikaiweka pembeni. Usiniletee tena.

Ukucha ulikwama. Si mara moja. Upande mmoja silinda imekwaruzwa kama mgongo wa mtoto mwenye surua. Nikaifunga kwenye kanga, nikaitia kikapuni, nikapanda basi hadi kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma. Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya duka la mbao, sakafu nzima inang'aa unyoya wa chuma. Alipoifunua ile kanga akatazama nyuma yangu.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Unamwona."

"Namaanisha fundi aliyekutuma."

"Huyo huyo."

Akaichukua silinda akapima. Akasema nirudi wiki ijayo na pistoni mpya, kwa kuwa yeye hachongi tundu bila kumwona atakayeingia. Maneno hayo niliyapenda. Pistoni niliipata duka la tatu. Silinda ilipokuwa tayari akaniita niingize ukucha mwenyewe. Mke mwenzangu, ilikuwa laini na vimistari vidogo vimekatana humo kama kitambaa kilichofumwa. Nilisimama na kidole humo ndani mpaka akaniuliza kama nimepata usingizi.

Sasa nimeosha kila kitu, makopo yamejaa dirishani. Lakini kuna cheni inayotoka chini, inapanda pembeni ya silinda, inazungusha kamshafti, ule mhimili wa kufungua valvu, kule juu. Nilipoifungua sikutazama ilivyokuwa imekaa, nilikuwa na hasira na baba yako. Yule fundi wa mashine kasema hiyo cheni ikikaa ovyo, valvu na pistoni hazitaelewana, na kwenye pikipiki hii hata cheche ya plagi inaamriwa na kamshafti hiyo hiyo. Yeye ni mtu wa kuchonga tu, alama za kuilinganisha hazijui. Niambie alama.

Na jambo jingine. Barua yako yote inasema "wanafanya", "wanasema". Wewe unafanya nini humo gereji?

Bibi yako


Mjini,
17 Aprili 1994

Shikamoo Bibi,

Sote wazima. Samahani kwa ufupi, kuna kazi nyingi.

Pistoni ina alama juu, iangalie upande wa kabureta. Ringi ziwe na herufi zake juu, na mianya yake isipangane mstari mmoja, itawanye. Paka oili kila kitu kabla ya kuingiza, ringi zibane kwa vidole, usitumie nguvu.

Cheni: upande wa kushoto kuna lile gurudumu zito la sumaku lenye herufi ukingoni. Lizungushe hadi herufi F ilingane na alama ya kwenye kava. F ya fundi, ndivyo nilivyoambiwa. Hapo gia ya juu ikae mistari yake sambamba na ukingo wa kichwa cha injini, ndipo uvishe cheni.

Wako


Mjini,
22 Mei 1994

Bibi yangu,

Mwezi mzima sijapata barua. Nilidhani ni posta. Jana nimepata ya baba. Anasema unatembelea fimbo, mguu umevimba, na kwamba injini ndiyo iliyokupiga. Anasema pia hukutaka niambiwe.

Bibi, nini kimetokea? Niandikie hata mstari mmoja. Wakija nyumbani na gari, waache wachukue. Ni chuma tu.

Mjukuu wako


Nyumbani,
30 Mei 1994

Mke mwenzangu,

Hatujambo. Mama yako hajambo, mtoto hajambo, kuku hawajambo.

Mguu ni wangu na nauuguza mwenyewe, nimewauguza wa watu wengine maisha yangu yote. Mfupa haukuvunjika, nimeupapasa. Utapona.

Niliunganisha kila kitu ulivyosema. Zile alama zilikataa kulingana sawasawa. F ikikaa mahali pake, mistari ya juu inapinda kidogo, ukisogeza jino moja inapinda upande wa pili. Nikaona basi, chuma kizee, ndivyo kilivyo. Nikafunga. Nikamwita jirani aje aone. Kiki ya kwanza ikatoa mlio kwenye ekzosi kama bunduki, kuku wote juu ya paa. Ya pili ikarudi nyuma kwa nguvu kama teke la punda na kunipata kwenye muundi. Nilikaa chini pale uani, jirani akapiga kelele kwa niaba yangu.

Sasa nisikilize, na usinijibu kwa kazi nyingi. Maneno yako mengine yote yalikuwa kweli, ukucha ulikuwa kweli, klipu ilikuwa kweli. Hii F umeitoa wapi?

Na neno "chuma tu" lisitoke tena kwenye kalamu yako. Wakianza kuchukua chuma, kesho watachukua ufunguo wa mlango, keshokutwa watanichagulia saa ya kulala.

Bado sijashindwa. Nimeifungua tena.

Bibi


Mjini,
7 Juni 1994

Bibi,

Shikamoo. Hali ya hapa nitakueleza yote, nisije nikaandika "wazima" tukabaki hapo.

Sijawahi kufungua injini. Mwaka na nusu niliokaa hapa nachemsha chai, nafagia, naosha vyuma vya wengine, napokea wateja kwa sababu eti nina uso wa kupokea wateja. Siku ya kwanza mwenye gereji aliniahidi benchi na spana. Mafundi wanaongozwa na mmoja tunayemwita Kidevu, na Kidevu alisema mikono ya kike inachelewesha kazi. Nyumbani mlinisindikiza kituoni kwa vigelegele, mama akawaambia watu wote. Ningeanzaje kuandika kwamba naosha vikombe?

Niliyokufundisha niliyaona kwa macho nikipita na sinia. Kuchonga, ukucha, karatasi ya boksi, yote hayo. Lakini cheni wanaivisha wameinama, migongo imeziba, sikuwahi kuiona. Nikamuuliza Kidevu. Akaniambia F, F ya fundi, akawakonyeza wenzake. Mimi nilidhani ananikonyeza mimi kwa kuwa nimeuliza swali zuri.

Barua yako ilipofika nilimfuata nikiwa nayo mkononi. "Uliniambia F." Akasema, "Kwani ulikuwa unaiunganisha wapi, kwenye birika?" Wakacheka wote. Nikamwambia kuna mtu amepigwa na kiki nusura avunjike mguu. Akasema, "Basi mwambie huyo mtu aache mambo ya wanaume."

Bibi, sikulia. Niliweka sinia chini, katikati ya njia, vikombe na vyote. Nyuma ya gereji kuna injini iliyotupwa ya aina ileile ya Mkaidi. Nikachukua spana kwenye ukuta, hapo hapo mchana, wateja wanatazama, nikaifungua kava ya kushoto na kifuniko cha juu. Kidevu akasema acha. Sikuacha. Nikatoa plagi, nikachomeka bua jembamba kwenye tundu lake liguse kichwa cha pistoni, nikazungusha gurudumu la sumaku kwa mkono. Bua likapanda, likapanda, likasimama. Lilipofika juu kabisa, kabla halijaanza kushuka, herufi iliyokuwa kwenye alama haikuwa F. Ni T. F inapita mapema, pale cheche inapotakiwa kuruka, pistoni bado iko njiani. Ukivisha cheni kwenye F, cheche inawahi mno na pistoni inarudishwa chini kabla haijafika. Ndicho kilichokupiga.

Kwa hiyo: toa plagi, tumia bua, usiamini herufi peke yake wala usiniamini mimi. Bua likisimama juu na T iko kwenye alama, mistari ya gia ya juu italala sambamba na ukingo bila kupinda hata kidogo. Tikisa vile vidole vya kusukuma valvu. Vyote viwili vikiwa vimelegea, uko sawa. Visipolegea, zungusha mzunguko mmoja mzima, T irudi tena. Hili sijaambiwa na mtu, nimeliona.

Mwenye gereji aliitwa. Akaniambia nichague, sinia au mlango. Sinia ilikuwa bado chini. Nikairuka nikatoka.

Sasa niko chumbani na cherehani ya mwenzangu. Nafikiria kurudi nyumbani. Nisamehe mguu wako.

Mjukuu wako


Nyumbani,
29 Juni 1994

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Mama yako hajambo, nimemsomea barua yako yote, akachukua fagio akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Atakuandikia mwenyewe.

Mimi nilipoisoma niliitupa chini. Si kwa sababu ya mguu. Ni kwamba ulikaa kule peke yako na kudharauliwa, na mimi huku nakutumia vichekesho vya kuku. Kesho yake nikaiokota, nikaenda nyuma ya nyumba nikakata bua. Basi tumekuwa vipofu wawili tunavushana mto. Tumeshafika katikati, hakuna kurudi.

Bua lilipanda, likasimama. T hiyo hapo. Na mistari ya juu, ile iliyokuwa inanipindia shingo, ikalala sambamba kama watoto wawili kitanda kimoja. Nikatikisa vile vidole, vyote vimelegea. Nikavisha cheni na kukaza nati moja baada ya nyingine kwa kupishana, kidogo kidogo, mpaka mkono ukaniambia basi.

Nilitaka kupumzisha mguu siku mbili nimwashe nikiwa peke yangu. Lakini baba yako hakungoja mwezi uishe. Jana asubuhi nikasikia gari mlangoni, pikapu ya kukodi, dereva na kamba. Akanikuta uani na fimbo yangu, Mkaidi amesimama mzima kwenye stendi yake. Akashangaa, nilimwona. Kisha akautazama mguu, uso ukajifunga.

"Mama, inatosha. Umejitahidi."

"Mwezi haujaisha."

"Ikikupiga tena nitawaambia nini watu?"

"Waambie mama yako alipigwa na injini yake mwenyewe, uani kwake mwenyewe."

Mguu wa kulia bado haukanyagi vizuri. Nikaegemeza fimbo, nikasimama kando ya Mkaidi nikakanyaga kiki kwa mguu wa kushoto, kama bata anayepanda ngazi. Hakuna. Nikarudia. Hakuna, hata kikohozi. Dereva akaanza kufungua kamba. Mara ya tatu jasho lilinishuka hadi kidevuni. Nilisikia pistoni mpya inapanda na kushuka vizuri kabisa, laini, lakini moto hamna. Nikawaza, basi Kidevu ametushinda wote wawili.

Baba yako alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Akasema taratibu, kama mtu anayeongea usingizini:

"Koki ya petroli umefungua?"

Nikamtazama. Akatazama pembeni. Huyo alipokuwa mdogo nilikuwa nampakia mbele ya tenki kwenda naye zahanati, na kazi yake ilikuwa moja, kufungua koki. Nikainama nikaifungua. Nilisubiri kidogo petroli ishuke.

Kiki moja.

Mke mwenzangu, sijui kukuandikia sauti. Moshi mweupe ulitoka wa ile oili niliyopaka, ukajaa uani, dereva akakohoa, kisha ukapungua, ukawa mwembamba, ukaisha. Mkaidi akabaki anaguruma chini kwa chini, hakukohoa wala kulalamika. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili nikamtukana Kidevu, jina hilo tu maana jingine silijui.

Baba yako hakusema umeshinda. Alimwambia dereva aende. Dereva, kwa hasira ya safari ya bure, akaondoka kweli, na baba yako akagundua amekuja na gari hilo hilo na basi la kurudi liko stendi ya wilayani.

Nikamwambia, "Panda."

"Mama, na mguu huo?"

"Breki ya mbele iko mkononi. Panda au utembee."

Akapanda. Mwanamume mwenye kitambi na viatu vya ofisini. Pistoni mpya haikimbizwi, kwa hiyo tulienda polepole, hata baiskeli zikatupita. Kilima cha bomba la maji nilikipanda gia ya pili. Nilimsikia nyuma yangu anapumua kwa nguvu kana kwamba anasukuma, halafu mikono yake ikanizunguka kiunoni ikashika. Watu wanaotufahamu walisimama njiani. Alificha uso mgongoni mwangu. Stendi aliposhuka akanyoosha shati, akanyoosha tena, akasema, "Wale ndugu zangu usiwaambie kuwa nilishika." Nikamwambia sitawaambia. Nimekwambia wewe tu, na jirani.

Habari ya chumba cha nyuma hakuitaja.

Sasa wewe. Nisamehe, nisamehe, acha hizo. Mguu wangu hauna deni na wewe. Unataka kurudi? Mlango huu ni wako, na ukija kwa kunikumbuka nitachinja jogoo. Lakini ukija kwa sababu kuna mtu mwenye kidevu kakuambia urudi, hapo hatutaelewana. Injini uliifungua mbele yao mchana kweupe. Alama uliipata kwa bua, mbele yao. Mwenye kuondoka pale kwa aibu awe mwingine.

Mke mkubwa


Mjini,
24 Julai 1994

Shikamoo mke mwenza,

Mimi mzima, mwenzangu wa cherehani mzima, anakusalimu sana na anataka kujua kama kwenu kuna nafasi ya mke wa tatu. Barua ya mama nimeipata. Alifunga ndani yake sala na sabuni.

Sijarudi, Bibi, na si kwa kukosa kukukumbuka. Mbele ya ile gereji, ng'ambo ya barabara, kuna mama anayeuza vipuri. Ana pikipiki yake ya kubebea mizigo iliyokuwa inavuta moshi kama tanuri, na mafundi wa Kidevu walishamwambia ainunulie injini nyingine. Nilimwomba anipe baraza lake, nami nitamtengenezea. Akaniuliza nimefungua injini ngapi. Nikamwambia nusu ya moja, na nyingine nzima kwa barua. Akacheka, akafikiri, akaniazima spana za dukani.

Nilitandika gunia barazani. Watu wakasimama kutazama, kisha wakaondoka, kisha wakarudi. Nilikuwa nasimama katikati ya kazi na kuogopa, hasa pistoni ilipoingia nusu ikakataa. Niliitoa, nikatafuta, ringi moja ilikuwa imetoka kwenye njia yake. Ningeisukuma kwa nguvu ningeivunja. Nilikaa kidogo na mikono magotini, nikaanza upya. Ikaingia.

Kidevu alikuwa anavuka barabara kila siku kuja kuangalia. Hakuja na la maana, ni kusimama tu, kupiga mluzi, na kurudi kwao. Jana nilipofunga nati ya mwisho alisimama ng'ambo kule, mafundi wake wamejipanga nyuma yake, akaanza kunitangaza kwa wapita njia kwa sauti ile unayoisikia hadi sokoni. Kwamba jamani njooni muone maajabu. Kwamba wenye roho nyepesi wakae mbali, italipuka. Kwamba mimi nilifukuzwa kwake. Mama wa vipuri akaniambia nisimjibu. Sikumjibu. Nilifungua koki, nikavuta choki ya kabureta, nikakanyaga.

Iliwaka kiki ya pili. Kidevu alikuwa bado anasema, nilimwona mdomo unavyokwenda. Nikashika mshiko wa gesi nikauzungusha, nikauzungusha tena, mpaka sauti yake ikapotea kabisa, nami sikuulegeza.